UZI: Wastaafu tunaotunga nyimbo na kurekodi nyumbani. Wimbo kwanza, vifaa baadaye

Mtoa uzi (Tabora)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo nawasalimu.

Mimi ni mstaafu wa reli. Nilikuwa mtu wa ishara na kupitisha treni kwenye stesheni ndogo za Reli ya Kati, upande wa Tabora kwenda Kigoma: Kaliua, Nguruka, Malagarasi, huko huko. Tangu nitoke kazini shughuli inayonipa raha kuliko zote ni kutunga nyimbo na kuzirekodi mwenyewe chumbani. Naona wastaafu wenzangu wengi wana hamu hiyo hiyo, ila wakiomba ushauri wanaambiwa wajenge studio kwanza. Kiinua mgongo kinaingia kwenye spika kubwa, kompyuta na viti vya kuzunguka, na wimbo bado hata mmoja. Hilo linaniuma, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Msimamo wangu ni huu: mstaafu ana mtaji ambao dukani hauuzwi. Amefanya kazi, amezika, amelea, amehamishwa vituo, ameona watu. Akikaa na mambo hayo akayapangia maneno, kurekodi kwenyewe ni kazi ndogo inayofuata.

Tukumbuke tulikotoka. Muziki wa dansi tuliokulia nao ulikuwa muziki wa watu wa ajira. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina nayo ilibadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, hadi leo Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 ikiwa mali ya shirika la usafiri na teksi kabla ya kwenda DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Tabora yetu hii ilikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Wale wazee hawakurekodi kwa vifaa vya ajabu. Bendi nzima iliingia studio za Radio Tanzania pale Dar es Salaam, wakapiga wote kwa pamoja. Mmoja akikosea wanaanza upya. Ndiyo maana walifika wimbo ukiwa umeiva, wameshaupiga ukumbini mara nyingi. Sisi leo tunaweza kurekodi kipande kimoja kimoja na kufuta tunavyotaka, lakini ile tabia ya kuivisha wimbo kwanza ni ya kurithi.

Sasa utungaji. Ushauri wangu wa kwanza: usianze na "dunia" wala "maisha". Anza na usiku mmoja, mtu mmoja, mahali pamoja. Nitawawekea ubeti wangu muone ninachosema:

*Taa yawaka kijani, pita baba nenda zako*
*Mimi nabaki njiani, macho kwenye moshi wako*
*Mwana kazawa nyumbani, babaye bado hayuko*
*Ewe simu ya relini, nipe habari za huko*

Ni mizani 8 kwa 8, vina vya kati "ni" na vya mwisho "ko". Habari yake ni ya kweli. Mtoto wetu wa pili alizaliwa nikiwa zamu stesheni ya porini, na chombo pekee cha kupata habari kilikuwa simu ya reli, ambayo kwa taratibu ilikuwa ya kupangia treni. Ningeweza kuandika "kazi ni ngumu, familia naipenda". Kila mtu angekubali na kila mtu angesahau. Lakini mzee yeyote wa reli akisikia ile simu anajua inavyolia na anajua nani yuko upande wa pili.

Mizani haikulazimishi, mashairi huru nayo huimbika. Mimi naifuata kwa sababu inanisaidia kwenye sauti: mistari ikilingana, melodia ya ubeti wa kwanza inaingia kwenye wa pili na wa tatu bila kubanana. Jambo la kuchunga ni mkazo. Kiswahili kinauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la ngoma likikaa kwenye "ja" ya "kijani" neno linasikika lilivyo. Likikaa kwenye "ki" msikilizaji anajikwaa, hata kama hawezi kukueleza kwa nini. Mwisho wa mstari unaweza kuivuta silabi ya mwisho upendavyo, wakongwe wote walifanya hivyo. Hatari iko katikati ya mstari. Njia yangu ni kuusema ubeti kwa sauti ya mazungumzo huku nikigonga meza, kabla sijashika gitaa. Pale mkono na mdomo vinapogombana, nabadilisha neno, sibadilishi mdomo.

Kiitikio nakitoa kwenye kituo, yaani mstari wa mwisho wa ubeti. "Ewe simu ya relini" imekuwa kiitikio changu, na wajukuu waliidaka siku ya kwanza. Kodi tatu za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinatosha: C, F na G.

Nitaendelea na vifaa. Kwanza nipikie wageni chai.

Mtoa uzi

Naendelea.

Anza na simu uliyonayo. Kila wimbo ninaoutunga naurekodi kwanza kwa kinasa sauti cha simu, gitaa na sauti pamoja, nikiwa nimekaa kitandani. Nauacha siku kadhaa, kisha nausikiliza nikiwa nafanya kazi nyingine. Ukiwa bado unanigusa, ndipo naurekodi vizuri. Ukiwa haunigusi, maiki ya bei kubwa haitausaidia.

Ukiona umeshapata nyimbo zinazostahili, vifaa vya kweli ni vinne: maiki, saundikadi ya kuunganisha maiki na kompyuta, hedfoni za waya, na laptopu yoyote inayofanya kazi. Kuhusu maiki, wengi wanakimbilia kondensa kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye picha za studio. Kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundikadi na inasikia kila kitu: jogoo, bodaboda, jirani anayepasua kuni. Kwa nyumba zetu hizi maiki ya dainamiki inafaa zaidi, kwa sababu inasikia kilicho karibu na mdomo na kuacha mengine. Shure SM58 imekuwa sokoni tangu mwaka 1966 na bado inatumika dunia nzima. Za bandia ni nyingi, kwa hiyo nenda dukani na mtu anayezijua, uijaribu hapo hapo.

Programu usinunue mwanzoni. BandLab inafanya kazi kwenye simu bila malipo. Audacity ni ya bure kwenye kompyuta. Reaper inakupa siku 60 za majaribio, na leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60. Wenye vifaa vya Apple wanayo GarageBand bila kulipia.

Hedfoni ziwe za waya. Za bluetooth zinachelewesha sauti, unaimba huku unajisikia nyuma ya wimbo, unaishia kujiona hujui kuimba. Saundikadi nyingi zina swichi ya kukupa sauti yako moja kwa moja kabla haijapita kwenye kompyuta. Iwashe.

Chumba ndicho kinachobadilisha sauti kuliko maiki. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji na ukuta wa plasta kinarudisha mwangwi, na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki. Mimi nasimama nikilipa mgongo kabati la nguo lililofunguliwa milango, kwa sababu maiki ya dainamiki inasikia zaidi upande unaotoka mdomo wangu, na nguo zilizo nyuma yangu zinameza kinachorudi. Mbele, nyuma ya maiki, nimeegemeza godoro ukutani. Mapazia mazito yanashushwa, feni inazimwa, hata kama ni Oktoba na Tabora inawaka. Mvua ikianza kwenye bati, funga kazi ukanywe chai. Muda wangu ni saa nane mchana watoto wakiwa shule, au saa nne usiku.

Kuna mlio mmoja unasumbua wengi, ule wa "mmmmm" chini ya rekodi. Mara nyingi unatoka kwenye chaja ya laptopu. Chomoa chaja, rekodi kwa betri. Na ule mpasuko wa "p" na "b" unaondoka kwa soksi ndefu ya kike iliyotandazwa kwenye waya wa hanga, ikae vidole vinne mbele ya maiki.

Gitaa la kawaida lisilo la umeme, elekeza maiki pale shingo inapokutana na mwili, karibu na freti ya 12, umbali wa shubiri moja hivi. Ukiielekeza kwenye tundu unapata mngurumo. Kiwango cha sauti kiwe cha chini kuliko unavyodhani: kilele kikicheza kwenye desibeli hasi 12 uko salama, kikigusa sifuri sauti inapasuka na hakuna dawa.

Maswali karibuni.

Mchangiaji (Mwanza)

Shikamoo mzee wangu. Uzi umeenda shule huu. Baba yangu ni mwalimu, anatimiza miaka 60 mwezi wa kumi na mbili. Gitaa analo tangu ujana wake lakini siku hizi vidole vinamuuma, anapiga dakika chache anaweka chini. Mama anasema aachane nalo. Nimnunulie kinanda?

Mtoa uzi

Marahaba mwanangu. Usimwondolee gitaa kwanza. Muulize linatumia nyuzi gani. Kama ni za chuma nene, mtafutie gitaa la nyuzi za nailoni, au kwa gitaa lile lile funga seti nyembamba inayoanzia 10, yaani uzi mwembamba kuliko wote ni wa namba 10. Kisha mshushie nyuzi zote nusu toni. Mkazo unapungua na vidole vinapumua. Akitaka kurudi kwenye ufunguo wa kawaida afunge kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, freti ya kwanza. Fundi aangalie pia urefu wa nyuzi kutoka kwenye shingo, magitaa mengi ya zamani yamepinda na nyuzi zimekaa juu mno. Apige vipindi vifupi vifupi, mikono ikiwa na joto. Maumivu yakimwamsha usiku au viungo vikivimba, hapo ni hospitali.

Kinanda ni kizuri, lakini kiongezeke, kisichukue nafasi. Mtu aliyetunga nyimbo kwa gitaa miaka yote, nyimbo zake zinakaa kwenye vidole.

Mchangiaji (Tanga)

Salamu kaka. Mimi ni muuguzi mstaafu na mwanakwaya tangu msichana. Nyimbo nazitunga kwa solfa, d r m, kama tulivyofundishwa kanisani, na ninazo daftari zima. Shida yangu ni sauti. Nilikuwa sauti ya kwanza, sasa noti za juu hazipatikani, na nikilazimisha naharibu wimbo. Vijana wa studio wananiambia kuna programu ya kunyoosha sauti. Wewe unasemaje?

Mtoa uzi

Dada yangu, nimefurahi sana. Wewe umetangulia mbali kuliko wengi, maana mwenye solfa hapotezi wimbo hata simu ikiibiwa.

Programu ya kunyoosha inarekebisha noti iliyokosewa kidogo. Haiwezi kukurudishia sauti ya umri wa miaka 20, na ikikazwa inakufanya usikike kama mashine. Dawa ni kushusha ufunguo, na kwako wewe ni rahisi mno: solfa yako inabaki ile ile, unabadilisha "doh" tu. Kama ulikuwa unaimba doh ni G, jaribu E, jaribu hata D. Tafuta pale noti ya juu kuliko zote inapotoka bila kukunja uso. Sauti za wanawake wengi hushuka kadiri umri unavyokwenda, na huko chini kuna uzito ambao msichana hana. Bi Kidude aliimba hadi uzee mkubwa, na watu walisafiri kutoka nje kumsikiliza kwa sauti ile ile ya kukwaruza.

Jambo lingine: kwaya nzima unaweza kuiimba mwenyewe. Rekodi sauti ya kwanza, isikilize kwenye hedfoni, imba ya pili juu yake, kisha ya tatu. Ya kwanza ikikushinda, mpe binti mmoja wa kwaya. Huko Tanga chumvi ya bahari inakula vyuma, kwa hiyo maiki ikimaliza kazi irudi kwenye kifuko chake.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mzee heshima yako, ila mbona mnajitesa? Biti za bure zimejaa YouTube. Unachukua biti, unaweka vokali, siku moja umemaliza. Muziki wa sasa ndio huo.

Mtoa uzi

Mdogo wangu, sina ugomvi na biti. Bongo Fleva imejengwa juu yake na imefika mbali. Lakini mbili tatu nikwambie.

Kwanza, "bure" ya mtandaoni mara nyingi ni ya kusikiliza na kufanyia mazoezi. Soma masharti ya mwenye biti. Ukiupandisha wimbo wako, mitambo ya YouTube ya kutambua sauti inaweza kumpelekea mtu mwingine mapato au kuuzuia kabisa, na utajikuta huna cha kujibu.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, biti imeshaamua pumzi yako ikae wapi. Ubeti wangu wa mizani 16 kwa mstari unahitaji nafasi katikati, pale kwenye kina cha kwanza, ili msikilizaji aipokee nusu ya kwanza. Biti nyingi za sasa hazinipi nafasi hiyo, zinanitaka nikate maneno. Nikikata, habari ya ile simu inakufa. Mstaafu hana haraka ya kumaliza wimbo kwa siku moja. Muda anao, autumie.

Ukitaka tushirikiane, chukua sauti yangu na gitaa, unitengenezee ngoma na besi zinazonifuata mimi. Hiyo nitaipenda sana, na jina lako litakaa kwenye wimbo.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Nimekuelewa mzee. Nitumie hiyo ya simu ya reli, nitaifanyia kazi wikiendi hii.

Mchangiaji (Mombasa)

Nakuamkia mzee wangu. Mimi nilikuwa bandarini, nami napiga udi. Nimerekodi nyimbo kadhaa za taarabu, lakini kila nikizimiksi, kwangu zinasikika vizuri na mwanangu akizisikia anasema zinachoma masikio. Tatizo ni spika? Na je, hapa kwetu Kenya haki ya nyimbo naisajili wapi?

Mtoa uzi

Salama ndugu yangu wa pwani. Spika huenda hazina hatia. Umri ukisogea, sikio linapoteza kwanza sauti za juu, zile za "s", "sh" na kucha ikigusa uzi. Husikii zipo, unaongeza. Unaona bado, unaongeza tena. Mwenye sikio la kijana anazipata zote kwa pamoja. Sote tuliokaa karibu na injini, mitambo na winchi tuna hali hiyo, wengine zaidi ya umri wetu.

Fanya hivi. Weka wimbo wa taarabu unaoupenda, uliorekodiwa vizuri, kando ya wimbo wako, ukisikiliza huu kisha ule kwa sauti ya chini sawasawa. Wako ukiwa na ukali kuliko ule, shusha za juu hadi vilingane, hata kama sikio lako linasema umefifia. Amini ulinganifu. Kisha mkalishe mwanao dakika chache kabla hujamaliza, na alichosema kifanyie kazi. Usimiksi muda mrefu bila kupumzika, wala kwa sauti kubwa, maana kusikia kulikobaki ni kwa kutunza.

Haki: kwenu ni KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, na kwetu Tanzania ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, chini ya sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Kwenu haki inakuwa yako tangu unapouweka wimbo kwenye rekodi au karatasi. Usajili ni wa kukupa ushahidi siku wakitokea wabishi. Kwetu ulinzi wa maneno na melodia unadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo waambie watoto mapema nani atasimamia. Na ukiimba wimbo wa mkongwe kwa ajili ya kuutoa hadharani, tafuta ruhusa ya familia au chama chake hata kama mwenyewe keshatangulia mbele ya haki.

Mchangiaji (Mwanza)

Mzee, la mwisho. Baba akisharekodi, anatumaje kwa ndugu bila ubora kupotea? Na anatunzaje?

Mtoa uzi

Kwenye WhatsApp asitume kwa kubonyeza kinasa, wala asiuchezeshe wimbo kwenye spika kisha akarekodi. Atume kama faili, kwa kuchagua sehemu ya kutuma nyaraka. Hapo unafika kama ulivyo. Faili ya WAV, ile ya sauti isiyobanwa, ni kubwa, kwa hiyo ya kutuma aitoe kama MP3 ya kbps 320, na WAV aihifadhi.

Kutunza, nakala ziwe sehemu mbili zisizo nyumba moja. Mimi nina diski ya nje hapa, na nyingine iko kwa binti yangu Dodoma. Faili azipe jina la wimbo na mwaka, asiziache zikiitwa "rekodi mpya". Maneno ya wimbo ayaandike kwenye daftari kwa mkono, na juu ya kila wimbo aandike mistari miwili mitatu: ulihusu nani, kituo gani, mwaka gani. Kama alifundisha shule za vijijini, majina ya shule hizo ayaandike yote.

Naye akimaliza wimbo wa kwanza, umwombe auweke hapa tuusikie.